Nakisi haipigiwi kura

Mwaka 2017 mahakama jijini Athens ilimtia hatiani Andreas Georgiou, aliyewahi kuongoza mamlaka ya takwimu ya Ugiriki, na kumpa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa. Kosa alilopatikana nalo linastahili kusomwa mara mbili: hakuwapa wajumbe wa bodi ya mamlaka hiyo nafasi ya kuipigia kura takwimu ya nakisi ya bajeti ya mwaka 2009, yaani kiasi ambacho matumizi ya serikali yalizidi mapato yake, kabla ya kuituma Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya. Takwimu hiyo ilikuwa asilimia 15.4 ya pato la taifa. Eurostat iliichambua na kuikubali, baada ya miaka mingi ambayo hesabu za Ugiriki zilikuwa zikipokelewa kwa mashaka. Mapema mwaka 2009 serikali iliyokuwa madarakani ilikuwa imewaambia wenzake wa Ulaya kwamba nakisi ingeishia asilimia 3.7.

Wanasiasa wa vyama ambavyo kwa kawaida havipatani walielewana katika hili moja: kwamba mtu huyu aliikuza nakisi ili kuiweka nchi mikononi mwa wakopeshaji. Kesi zilifunguliwa, zikafutwa, zikafufuliwa, na ziliendelea kumwandama miaka mingi baada ya kuondoka ofisini mwaka 2015.

Tujiulize bodi ile ingepiga kura namna gani. Tuseme wajumbe wengi wangeamua kwamba nakisi ni asilimia kumi. Je, fedha zilizokwisha kukopwa na kutumika zingerudi? Deni lingebaki palepale, ila wananchi wangeujua ukubwa wake wakiwa wamechelewa zaidi. Wananchi wa Ugiriki walikuwa na haki kamili ya kupiga kura juu ya nani abebe mzigo ule, kodi ya nani ipande, pensheni ya nani isiguswe, na kama nchi iwakubalie wakopeshaji masharti yao au iwagomee. Hayo ni maswali ya kura. Kiasi cha deni ni swali la kuhesabu, na anayekipeleka kwenye kura anawanyima wananchi msingi wa kura zao nyingine zote.

Nimeanza na mtu wa takwimu kwa makusudi. Tumezoea kuizungumza sayansi katika demokrasia kana kwamba ni habari ya roketi, darubini na tuzo za Nobel. Anayehesabu madeni ya serikali kwa kanuni zinazojulikana, kisha akaonyesha alivyohesabu ili mwingine aweze kurudia, anafanya sayansi. Anayepima maji ya bomba, anayeorodhesha sababu za vifo, anayesoma mitetemo ya ardhi usiku kucha, wote wanafanya sayansi. Na kazi yao kubwa katika jamii huru, kwa maoni yangu, ni kumpa mwananchi asiye na cheo wala fedha kitu ambacho mwenye cheo na fedha hawezi kukitengua kwa amri. Tajiri anaweza kuishi vizuri katika nchi isiyo na takwimu za kweli. Atajipimia mwenyewe, atajitibu kwingine, atahamisha mali zake kabla ya habari kutoka. Mnyonge hana njia hizo. Ndiyo maana naamini uhuru wa wapimaji ni haki ya kiraia, sawa na uhuru wa magazeti, na si fadhila kwa kundi la wasomi.

Mwezi Aprili 2014 mji wa Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, uliacha kununua maji kutoka Detroit ukaanza kuvuta maji ya mto wake ili kupunguza matumizi. Wakati huo mji ulikuwa chini ya meneja wa dharura aliyeteuliwa na gavana, na madaraka ya meya na madiwani waliochaguliwa yalikuwa yamewekwa kando. Maji ya mto yalikuwa yakila mabomba, na dawa ya kuzuia hali hiyo haikuwekwa, kwa hiyo madini ya risasi yaliyokuwamo kwenye mabomba yakaanza kuingia majumbani. Wakazi walilalamikia rangi, harufu na vipele kwenye ngozi za watoto wao. Waliambiwa maji ni salama. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha General Motors kiliacha kuyatumia kwa sababu yalikuwa yakiharibu vyuma vya injini. Watu waliendelea kuyanywa kwa takribani mwaka mzima baada ya hapo.

Kilichobadilisha mambo ni vipimo. Wakazi walishirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, wakakusanya zaidi ya sampuli 250 za maji majumbani kwa utaratibu mmoja. Septemba 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, akatangaza kwamba asilimia ya watoto wenye risasi nyingi katika damu ilikuwa imepanda tangu maji yabadilishwe. Maofisa wa jimbo walimpinga kwanza, kisha wakarudia kuzipitia takwimu zao wenyewe, wakakuta anasema kweli. Oktoba mji ukarudi kwenye maji ya Detroit.

Mzazi aliyebeba chupa ya maji machafu mpaka ofisi ya serikali anaweza kuitwa mlalamishi na kurudishwa nyumbani. Sampuli 250 zilizochukuliwa kwa njia ambayo yeyote anaweza kuikagua haziwezi kurudishwa nyumbani. Kura za watu wa Flint zilikuwa zimepunguzwa nguvu na sheria ya dharura, na bado kipimo kiliwalazimisha wakubwa kujibu. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa kile ninachojaribu kusema.

Lakini uchaguzi huru peke yake hautoshi kulinda ukweli wa aina hii. Thabo Mbeki aliingia madarakani Afrika Kusini mwaka 1999, chama chake kikiwa kimeshinda kwa takribani theluthi mbili ya kura. Mwaka uliofuata aliunda jopo la washauri kuhusu UKIMWI na kuwaweka humo, bega kwa bega na wataalamu wa virusi, watu waliokana kwamba VVU ndivyo chanzo cha ugonjwa huo. Kwa haraka haraka ilionekana kama uungwana wa kidemokrasia: kila upande usikilizwe. Tatizo ni kwamba swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa kwa ushahidi wa miaka zaidi ya kumi na mitano, kutoka maabara na hospitali za nchi nyingi zisizotegemeana. Kulirudisha mezani hakukuongeza ujuzi wowote. Kulichelewesha tiba, na waliolipia kucheleweshwa huko ni wagonjwa.

Julai 2000, mkutano wa kimataifa wa UKIMWI ulipofanyika Durban, wanasayansi zaidi ya 5,000 walitia saini tamko la kusisitiza kwamba ushahidi juu ya VVU hauna utata. Dawa nayo ilikuwapo. Utafiti uliofanyika Uganda, ambao matokeo yake yalichapishwa 1999, ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama wakati wa uchungu, na nyingine kwa mtoto mchanga, ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu. Kampuni iliyoitengeneza ilikubali kuitoa bure kwa miaka mitano. Serikali iliibana dawa hiyo kwenye vituo viwili vya majaribio kwa kila jimbo. Mama aliyejifungulia hospitali nyingine ya umma hakuipata, hata kama daktari aliyesimama mbele yake alitaka kumpa.

Wanaharakati wa Treatment Action Campaign, kundi lililoanzishwa Desemba 1998, walifanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko hata hukumu iliyofuata. Waliwafundisha wanachama wao, wengi wao watu maskini wanaoishi na virusi, jinsi kirusi kinavyoingia kwenye seli, dawa inakizuia wapi, hesabu ya CD4, yaani ya seli za kinga ya mwili, inasema nini na matokeo ya jaribio la kitabibu yanasomwaje. Hawakuambiwa waamini wataalamu. Walipewa njia ya kuwaelewa, na pia ya kuwabana. Mtu aliyejua tofauti ya dawa iliyopimwa na dawa iliyosifiwa tu aliweza kumuuliza ofisa wa wizara ushahidi wake uko wapi, na akajua kama amejibiwa au amezungushwa.

Wakaenda mahakamani. Tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliamuru vizuizi juu ya nevirapini viondolewe. Majaji hawakujifanya wataalamu wa virusi. Waliuliza kama sera ya serikali ina mantiki mbele ya ushahidi uliopo na mbele ya haki ya huduma za afya iliyoandikwa kwenye katiba, wakaona haina. Mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi ulipitishwa mwaka 2003. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji wa kati ya 2000 na 2005 uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000, na kwamba watoto wachanga wapatao 35,000 waliambukizwa ilhali wangeweza kukingwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mficha maradhi alikuwa mtawala, na kifo kikawapata watu ambao hawakuficha chochote.

Linganisha na Muungano wa Kisovieti. Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea aliyezunguka mabara akikusanya mbegu za mazao, alikamatwa mwaka 1940 na kufia gerezani Saratov mwaka 1943. Hasimu wake Trofim Lysenko, aliyeikataa elimu ya jeni, yaani ya urithi wa tabia za viumbe, alikuwa na kibali cha Stalin, na Agosti 1948 mkutano wa chuo cha taifa cha sayansi za kilimo ulitangaza mafundisho yake kuwa ndiyo pekee yanayokubalika. Wataalamu wa jeni walifukuzwa kazi, na hali hiyo ilidumu mpaka miaka ya sitini. Kosa la Pretoria na kosa la Moscow yana mzizi mmoja: mtawala kujipa mamlaka ya kuamua lipi ni kweli. Ila Afrika Kusini ilikuwa na magazeti yaliyoandika, majaji waliosikiliza, na wanasayansi walioweza kuweka majina yao kwenye karatasi kisha wakalala nyumbani kwao. Demokrasia haikulizuia kosa lisitokee. Ilifupisha umri wake, likawa la miaka michache badala ya karibu thelathini, na ninaposoma makadirio yale ya vifo naona hata miaka hiyo michache ilikuwa mingi mno.

Mbeki, kwa upande wake, hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alisikia katika mazungumzo ya UKIMWI mwangwi wa dharau ya kale, ile ya kuwachora Waafrika kama watu wa tamaa na maradhi, na dharau hiyo haikuwa ndoto yake. Sayansi ina historia inayowapa watu sababu za kuiogopa. Kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya umma ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi 399 wenye kaswende huko Tuskegee, Alabama, bila kuwaeleza ugonjwa wao na bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida katika miaka ya arobaini. Waliofanya hayo walikuwa madaktari wenye shahada, na matokeo waliyachapisha kwenye majarida ya kitabibu ambako wenzao waliyasoma. Kilichowasimamisha ni mtu wa ndani aliyelifikisha jambo hilo kwa waandishi wa habari. Kisha Bunge likahoji. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1974 iliyoweka msingi wa kamati za kukagua kila utafiti unaofanywa kwa binadamu.

Sayansi kwa hiyo haikujitibu yenyewe pale Tuskegee. Ilitibiwa na magazeti, Bunge na sheria. Anayewataka wananchi waiamini sayansi na kunyamaza anaomba imani ya aina ileile iliyowaangamiza wanaume wale.

Kuna kosa lingine, dogo kwa ukatili lakini linalotokea mara nyingi zaidi: la mtaalamu asiyeuliza. Baada ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kulipuka Aprili 1986, mvua ilishusha chembe za mionzi kwenye vilima vya Cumbria, kaskazini mwa Uingereza. Wafugaji wa kondoo walizuiwa kuuza mifugo yao, wakaambiwa zuio lingekuwa la wiki tatu. Mashamba ya mwisho yalifunguliwa mwaka 2012. Makadirio ya wataalamu yalitokana na tabia ya udongo wa mfinyanzi, ambao huzikamata chembe hizo na kuzifungia. Vilima vile vina udongo wa mboji wenye asidi; humo chembe ziliendelea kupanda kwenye majani, na kondoo wakaendelea kuzila mwaka baada ya mwaka. Watafiti walipojaribu kuweka kondoo ndani ya uzio ili kupima dawa ya kutia ardhini, wafugaji waliwaambia kwamba kondoo wa vilimani akifungiwa hudhoofika na kipimo hakitasema kitu. Hawakusikilizwa. Jaribio likaja kuachwa.

Maarifa ya wafugaji wale yalikuwa data ambayo wataalamu hawakuiomba, na wataalamu walisahau kusema kwa sauti kwamba hesabu yao imesimama juu ya udongo wa aina moja. Wafugaji walipoona wiki tatu zinageuka miaka, walianza kuvitilia shaka hata vipimo ambavyo vilikuwa sahihi. Imani ya umma hupotea hivi, kwa mtaalamu kutamka kwa uhakika jambo ambalo yeye mwenyewe, akiwa na wenzake, angelitamka kwa tahadhari.

Uhakika huo wa bandia huwa hatari zaidi unapotakiwa na mwanasiasa. Mapema mwaka 2009 mji wa L'Aquila nchini Italia ulikuwa ukitikiswa na mitetemo midogo kwa miezi. Tarehe 31 Machi jopo la wataalamu lilikutana humo, na siku hiyohiyo ofisa wa idara ya ulinzi wa raia aliwaambia waandishi kwamba hakuna hatari, kwa kuwa mitetemo midogo inapunguza nguvu iliyojikusanya ardhini, dai ambalo elimu ya matetemeko hailikubali. Wakazi wengi walikuwa na desturi ya kutoka nje ya nyumba usiku ardhi ikitikisika. Baadhi yao, baada ya kutulizwa, walibaki ndani. Tarehe 6 Aprili tetemeko kubwa likaua watu 309.

Mwaka 2012 mahakama iliwahukumu wanasayansi sita na ofisa yule kifungo cha miaka sita kila mmoja. Sehemu kubwa ya dunia ilisoma kesi hiyo kama adhabu ya kushindwa kutabiri tetemeko, jambo ambalo hakuna ajuaye kulifanya, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliwaachia wanasayansi wote sita, ofisa akibaki na hukumu iliyopunguzwa. Naona rufaa iliamua sawa. Hata hivyo siwezi kuipita hali ile bila kusema kwamba neno la kutuliza lilitolewa kwa jina la sayansi, na wenye sayansi hawakusimama hadharani mara moja kusema: sisi hatukusema hivyo, sisi hatujui. Mwananchi aliambiwa uamuzi uliokwisha kufanywa, wa kumtuliza, ukiwa umevikwa vazi la ujuzi. Angeambiwa ukweli, kwamba hatari haijulikani na nyumba za mawe za zamani si salama, angeamua mwenyewe alale wapi.

Wakati wa janga la COVID-19 serikali nyingi ziliipenda kauli moja: tunafuata sayansi. Ilikuwa kauli ya kweli nusu. Jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa RECOVERY lilionyesha Juni 2020 kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ya chini, ilipunguza vifo kwa takribani theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Mwezi uleule jaribio hilohilo lilionyesha kwamba haidroksiklorokwini, iliyokuwa imenadiwa na baadhi ya marais, haikuwasaidia wagonjwa wa hospitalini. Hapo sayansi ilitoa jibu, na jibu hilo lilistahili kufuatwa. Kufunga shule lilikuwa swali la namna nyingine. Mtafiti anaweza kukadiria maambukizi yatapungua kiasi gani na watoto watapoteza masomo kiasi gani. Hana kipimo cha kumwambia mtu yeyote mwaka wa masomo wa mtoto una uzito gani ukiwekwa karibu na maisha ya mzee. Waziri aliyesema anafuata sayansi katika jambo lile alikuwa amechagua, kisha akakwepa kuulizwa kwa nini amechagua hivyo, na lawama ya uchaguzi wake ikawaangukia watafiti ambao hawakuchaguliwa na mtu.

Zipo njia bora za kuyakutanisha haya mawili, sayansi na kura, na zimejaribiwa. Denmark ilianza mwaka 1987 kuwaita wananchi wa kawaida wasikilize wataalamu juu ya teknolojia yenye utata, wawahoji, kisha watoe mapendekezo yao hadharani. Ireland, kati ya 2016 na 2018, iliwakutanisha wananchi 99 waliopatikana kwa bahati nasibu, pamoja na mwenyekiti, wakajadili mambo mazito yakiwamo utoaji mimba na mabadiliko ya tabianchi. Kinachonivutia kwenye mabaraza haya ni mpangilio wake: mtaalamu anazungumza, anaulizwa, kisha anatoka chumbani, na wanaobaki kuamua ni wananchi. Kila mmoja anafanya kazi yake bila kuingilia ya mwenzake.

Anayetaka kuuharibu mpangilio huu siku hizi haanzi kwa kuikataa sayansi. Huanza kwa kuiazima shaka yake. Utafiti wa Uingereza na Marekani uliochapishwa mwaka 1950 ulikwisha kuonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Januari 1954 kampuni za tumbaku za Marekani zilichapisha tangazo kwenye mamia ya magazeti zikisema ushahidi haujakamilika na kwamba zitagharimia utafiti zaidi. Mwaka 1969 waraka wa ndani wa kampuni moja uliandika waziwazi kwamba shaka ndiyo bidhaa yao. Lugha ilikuwa ya kisayansi kabisa: subira, ushahidi zaidi, pande zote mbili. Kila mwaka wa subira uliuza sigara.

Mwananchi asiye mtaalamu anawezaje kuitofautisha shaka ya kweli na shaka ya kukodiwa? Mimi hutazama jambo moja: je, mwenye shaka anasema ni ushahidi gani ungemridhisha, na je, anakwenda kuutafuta? Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walitilia shaka mafundisho ya zama zao kwamba vidonda vya tumbo husababishwa na msongo wa mawazo na asidi. Walisema ni bakteria, wakaeleza jinsi ya kumpata, na mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe akaugua tumbo. Wengine walirudia vipimo vyao, elimu ya tiba ikabadilika, na mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Shaka yao ilikuwa na mwisho unaojulikana. Shaka ya kampuni za tumbaku haikuwa na mwisho wowote, kwa sababu kila ushahidi ulipoletwa walihamisha mpaka.

Wala si lazima kungoja uhakika wote ndipo hatua ichukuliwe. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za majokofu na makopo ya kupuliza zingeila tabaka la ozoni. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza waliripoti kwamba ozoni juu ya Antaktika imepungua vibaya. Mkataba wa Montreal wa kuzidhibiti gesi hizo ulitiwa saini 1987, wakati hoja kadhaa za kikemia zilikuwa bado zinabishaniwa, ukaandikwa kwa namna ambayo masharti yake yangeweza kukazwa kadiri vipimo vipya vilivyokuja. Leo nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimo. Serikali zilikubali kuamua kwa ushahidi uliopo na kukubali mapema kwamba uamuzi huo utarekebishwa, na sijaona makubaliano mengine ya kimataifa yaliyoheshimu hivyo pande zote mbili, ujuzi na siasa.

Kwa hiyo ninachokidai kutoka kwa serikali yoyote inayojiita ya kidemokrasia si kikubwa cha kutisha. Mkuu wa ofisi ya takwimu awe na muda wa kazi ulioandikwa kwenye sheria na asiondolewe kwa sababu ya tarakimu. Tarehe za kutoa takwimu zitangazwe mwanzoni mwa mwaka, ili waziri asipate nafasi ya kusubiri uchaguzi upite. Ushauri wa kitaalamu uchapishwe siku ileile uamuzi unapotangazwa, ili kila mtu aone mshauri aliishia wapi na mwanasiasa akaanzia wapi. Utafiti uliolipiwa na kodi, pamoja na data zake, usomwe na mlipa kodi bila malipo mengine. Na wanasayansi nao wajizoeze kutamka neno "hatujui" mbele ya kamera kama wanavyolitamka kwenye vikao vyao.

Lililo gumu zaidi liko shuleni. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka yote ya masomo akiwa amekariri majina ya sehemu za seli bila kuulizwa hata siku moja: tumelijuaje hili, nani alilipima, na tungejuaje kama si kweli? Anatoka akiwa na orodha ya majibu, na siku mtu mwenye sauti nzito atakapompa majibu mengine hana njia ya kuchagua kati yao. Wanachama wa Treatment Action Campaign walijifunza kuuliza hivyo wakiwa watu wazima, wengi wakiwa wagonjwa, wakishindana na muda wao wenyewe. Somo hilo halihitaji maabara ya gharama. Linahitaji mwalimu aliyeruhusiwa kuacha kurasa chache za mtaala ili darasa zima lipime kitu kimoja, makundi yapate majibu tofauti, na waulizane mpaka wajue tofauti hiyo imetoka wapi.